Jivu Pembeni mwa Leso

Vihingoni,
12 Februari 1984

Kwa mwanangu Baya, huko Gongoni kwenye chumvi,

Leo nakusalimu mimi kwanza, maana wewe ukingojewa uandike mtu atazeeka mara mbili. Mwalimu Kitsao ameketi hapa na kalamu yake na miwani yake, ananihimiza niseme haraka kwa sababu ana mafundisho ya ubatizo saa kumi. Nimemwambia mwanangu ni mmoja na wabatizwa ni wengi, basi wao watangoja.

Mimi ni mzima. Mguu uliokuwa ukinisumbua umepoa. Mvua hakuna, mahindi yamekauka yakiwa yamefika magotini, na kisima cha chini kimebaki tope, tunateka kwa zamu. Lakini Mungu hajahama. Kila Jumatano nafagia kanisa letu la Mtakatifu Ana, na nikiitwa kwa mgonjwa nakwenda na rozari yangu, nakaa naye. Siombi maneno mengi. Namwambia Mungu, huyu ni wako, mtazame. Basi.

Mzee Mramba ametutoka. Mke wa mwenye duka naye ametutoka, na juma lililopita tumemzika kijana mkubwa wa baba yako mdogo Mwambire. Wote watatu nilikaa nao mpaka mwisho. Baba yako mdogo hakunipa mkono pale mazishini. Ana uchungu wa mwana, usimlaumu.

Nisalimie mkaza mwanangu Kabibi, na mjukuu wangu Kahonzi umbebe mgongoni kwa niaba yangu. Ametimiza miaka mitatu, atakuwa ameshaanza kuwachosha kwa maswali.

Ni mimi mama yako, Kavumbi,
kwa mkono wa Kitsao, katekista wa kigango.

Baya, haya ya chini ni yangu mimi Kitsao, mama yako hayajui. Watu wanahesabu. Wanasema anayeombewa na Mama Baya hafiki Jumapili. Hawakumbuki kwamba yeye huitwa wakati mgonjwa ameshashindikana. Juzi alipopita kisimani wanawake walifunika ndoo zao. Yeye alidhani wanazuia vumbi, akawasifu kwa usafi. Kama una nafasi kwako, mchukue. Na usimwambie nimekuandikia.

Gongoni,
21 Februari 1984

Mama, shikamoo.

Barua nimeipata na nimeisoma yote mpaka mstari wa mwisho.

Nataka uje ukae nasi. Usiniulize sababu, na usinipe habari ya nani atafagia kanisa. Ningekuja kukuchukua mwenyewe, ila huu ndio msimu wa kuvuna. Jua ni kali, mabwawa yamekauka vizuri, tunakwangua chumvi tangu alfajiri mpaka jioni na nyapara hatoi ruhusa hata kwa msiba. Miguu yangu imepasuka mpaka sioni haya kuvaa viatu vya mpira vya marehemu jirani yangu. Panda basi la Garsen, ushuke hapa, uulize nyumba za wafanyakazi wa chumvi. Kila mtu atakuonyesha.

Kahonzi ana homa. Tulimpeleka zahanati, akapewa dawa, ikashuka siku mbili ikarudi. Hali chakula vizuri. Kabibi analia akidhani simwoni.

Mama, mimi sisali kama wewe, unajua. Nikifika kanisani nahesabu mabati. Lakini wewe Mungu anakusikia, tangu utoto wangu najua hivyo. Mwombee mtoto wangu.

Mwanao,
Baya

Vihingoni,
9 Machi 1984

Mwanangu Baya,

Unaniamrisha kama nyapara wako. Siji, na wala usinune. Watu wa hapa wananijua tangu nilipoletwa kuolewa na baba yako. Nikiondoka sasa nitakuwa nimekimbia nini? Kweli mambo yamekuwa ya ajabu kidogo. Nimemkuta jogoo wangu mlangoni hana kichwa. Kitsao anasema ni kazi ya mtu, mimi nasema ni kicheche, tumebishana mpaka chai ikapoa. Na watu wameacha kuniita kwa wagonjwa. Nimefikiri labda wagonjwa wamepungua, nikamshukuru Mungu.

Juzi ilikuwa Jumatano ya Majivu. Padre alikuja, akachoma matawi ya mwaka jana, akatupaka sote kwenye paji. Niliposimama mbele yake sikujiombea mimi. Nilimtaja Kahonzi tu.

Nakuletea leso yangu ya samawati, ile niliyokubebea siku ya ubatizo wako. Nampa Batuli, yule mama wa Gongoni anayekuja kununua mkaa, pamoja na barua hii. Mpe mtoto dawa ya hospitali na usikose hata mara moja, kisha mfunike leso hiyo anapolala. Hayo ya leso nimemweleza Mwalimu vizuri ayaandike, nawe uyasome vizuri uyafuate.

Atapona. Sijui kwa nini nasema hivyo kwa nguvu, lakini nasema. Nimemweka mikononi mwa Mungu, na sijawahi kumpa kitu akakiangusha.

Mama yako, Kavumbi,
kwa mkono wa Kitsao

Gongoni,
17 Machi 1984

Mama,

Kahonzi alikufa Alhamisi asubuhi. Tumemzika Ijumaa hapa hapa Gongoni.

Leso ilifika. Alifunikwa nayo siku tatu, kama ulivyotaka.

Kabibi hataki wageni. Usije.

Baya

Vihingoni,
23 Machi 1984

Mwanangu,

Nimekaa chini tangu barua yako ilipofika. Meko yangu ni baridi. Niliwahi kuzika watoto wawili kabla yako, nikadhani machozi ya aina hii yameniishia, kumbe yalikuwa yamebaki.

Mmemzika kwenye mchanga wa chumvi, peke yake, wakati babu yake amelala hapa nyuma ya nyumba. Kwa nini hamkumleta nyumbani? Na mimi nimekuwa mgeni tangu lini? Hukuniamkia, Baya. Barua zako zote tangu ulipojua kuandika huanza kwa shikamoo. Nilimwambia Mwalimu aisome mara ya pili, nikamwuliza kama kuna neno ameliruka. Alisema hakuna.

Nilikwambia atapona, na hakupona. Nimekwenda kanisani nikamwambia Mungu nimekasirika. Nimemwambia kwa sauti, hakukuwa na mtu. Kisha nikafagia, maana ilikuwa Jumatano.

Nirudishie leso yangu. Nataka nijifunike nayo kwa kuwa ndiyo iliyomfunika.

Mama yako, Kavumbi,
kwa mkono wa Kitsao

Ni mimi Kitsao. Baya, baba yako mdogo Mwambire alikwenda kwako kwenye matanga, amerudi jana. Ana kitu kwenye mfuko wa shati. Anakitoa, anawaonyesha wazee, anakirudisha. Mimi nikikaribia wananyamaza. Ni kitu gani mlichompa?

Gongoni,
29 Machi 1984

Mwalimu Kitsao,

Barua hii ni yako. Usimsomee mama.

Umeuliza ni kitu gani. Siku ya mazishi Kabibi alichukua ile leso aifue. Kwenye pembe akakuta pamefungwa fundo, na juu yake fundo, na juu yake fundo, mafundo matatu yamekazwa kwa meno. Alipoyafungua ndani mlikuwa na jivu jeusi, na katikati ya jivu kipande cha ukuti kilichoungua nusu, kimesokotwa. Kabibi alipiga kelele mpaka wafanyakazi wakaja toka mabwawani.

Mimi nilisema ni takataka. Mama yake Kabibi akaniuliza, takataka hufungwa mara tatu? Tukakipeleka kwa mganga. Hakutuuliza neno. Alikitazama akasema ni fingo la kuroga, limefungwa na mtu wa damu yenu, mafundo matatu ni watatu waliokwisha kwenda, na jivu ni wa nne. Mwalimu, hakuna aliyemwambia habari za Mramba, wala mke wa mwenye duka, wala kijana wa baba mdogo. Au labda baba mdogo alimwambia, sijui. Yeye ndiye aliyetupeleka.

Barua ya mama nimeisoma mara kumi. Inasema mfunikeni. Haisemi kuna kitu pembeni. Mtu akifunga kitu kizuri kwa ajili ya mtoto, kwa nini asiseme? Hilo ndilo linaloniua. Nalala na swali hilo na kuamka nalo. Yule ni mama yangu. Alinibeba akanipeleka hospitali ya Malindi kwa miguu nilipoumwa na nyoka. Kisha nakumbuka uso wa Kahonzi.

Baba mdogo ameshapanga. Jumamosi tarehe saba Aprili tunampeleka kwa Menza, mwenye kiapo cha shoka. Unajua kinavyokuwa. Shoka linapashwa moto mpaka liwe jekundu, linapitishwa kiganjani mara tatu. Asiye na hatia haungui.

Sasa nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiwe kinywa chake kwenye karatasi. Alikwambia lolote juu ya fundo lile? Kama alikwambia, hata neno moja, niandikie na nitamsimamisha baba mdogo mimi mwenyewe. Naomba uwe umeambiwa. Naomba sana.

Baya

Vihingoni,
2 Aprili 1984

Ndugu Baya,

Salamu katika Kristo, na pole tena kwa msiba mzito.

Nimeitafakari barua yako. Kwanza napenda kukukumbusha kwamba Mkristo aliyebatizwa hali kiapo cha kienyeji. Padre amelisema jambo hili wazi zaidi ya mara moja, na atakayeshiriki, awe anayeapishwa au anayepeleka, anajitenga na komunyo. Nakusihi uliache. Mama yako nimemkataza kwenda hata akiitwa.

Pili, mganga hasemi kweli. Hilo unalijua wewe mwenyewe.

Tatu, kuhusu kilichofungwa pembeni mwa leso. Mimi sikuwapo kilipofungwa na sikukiona kikifungwa. Kazi yangu ni kuandika barua, si kukagua mizigo. Siwezi kuwa shahidi wa nisichokiona.

Tumwachie Mungu, yeye anajua.

Wako katika Kristo,
Kitsao, katekista

Gongoni,
4 Aprili 1984

Mama,

Jumamosi asubuhi nitafika na baba mdogo. Tutakwenda pamoja mahali. Si mbali, ni kwa Menza. Mwalimu atakukataza. Mimi nakuomba uje.

Usile kitu kabla.

Baya

Parokiani, Malindi,
9 Aprili 1984

Baya,

Barua hii nampa Batuli, niliyemkuta sokoni hapa, akuletee mkononi, kwa sababu posta huchelewa na sina siku za kupoteza.

Juzi Jumamosi nilikaa kizingitini kwangu tangu asubuhi nikitazama njia. Nilikuwa nimemkataza mama yako kwa jina la Kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mwanangu amenipoteza na hajui pa kunitafuta. Akiniambia nipo kwenye moto nitakwenda anikute huko." Kisha akajifunga leso yake nyingine akakufuateni.

Alirudi saa tisa, peke yake. Hukumrudisha. Mkono wa kulia alikuwa ameukumbatia kifuani, umefungwa jani la mgomba, na alikuwa akitembea katikati ya njia polepole, na kila nyumba aliyopita mlango ulifungwa. Aliponifikia aliniomba maji. Nililifungua lile jani. Sitakueleza nilichokiona, wewe ulikuwapo.

Nilimpaka mafuta nikamfunga kitambaa. Akaniuliza jambo moja tu. Aliniuliza, "Kitsao, kwa nini Baya ananiuliza habari ya jivu kama mtu asiyeambiwa?"

Baya, aliniambia. Siku ile ya tarehe tisa Machi, mimi nimeshika kalamu, mama yako alisema hivi: mwambie Baya nimeomba jivu lililobaki la Padre, nimelifunga pembeni mwa leso pamoja na kipande cha tawi lililobarikiwa, mafundo matatu, la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na mtoto akiamka wampake kwenye paji wamshukuru Mungu. Maneno hayo niliyasikia kama ninavyosikia kengele ya hapa parokiani sasa hivi. Sikuyaandika.

Niliyaruka kwa sababu ya kiburi na woga. Mwaka jana watu wa kigango chetu walichukua maji ya baraka wakayafanya dawa ya kuku, na Padre akanisimamisha mbele ya wote akasema mimi ndiye ninayewafundisha ushirikina, na nikirudia ataniondoa kazini. Mama yako alipotaja jivu nikaona ni ujinga wa wazee. Nikajiambia hayamdhuru mtu nikiyaacha. Yeye hajui kusoma, akaiweka barua pembeni mwa ile leso kwa mikono yake, akiamini.

Kisha ukaniuliza. Uliniomba niwe nimeambiwa. Nilikuwa nimeambiwa, nami nikakuandikia mambo ya mizigo na ushahidi, kwa kuwa niliogopa barua yangu ingemfikia Padre. Mkono ule niliuunguza mimi kabla ya Menza.

Nimemweleza mama yako yote hayo jana, nikiwa nimepiga magoti. Hakusema kitu. Nikaja huku kwa miguu, nimemwambia Padre, amenivua kazi, nami nimeshukuru. Amenipa pahali pa kulala mpaka nijue pa kwenda. Sina uso wa kurudi Vihingoni.

Lakini wewe rudi. Rudi leo ukiweza. Kule wote wameona kitambaa mkononi, nao hawataki maelezo tena.

Kitsao

Vihingoni,
Alhamisi, 12 Aprili 1984

Kwa Kitsao, parokiani Malindi,

Barua hii inaandikwa na Baya. Mama amesema niandike kila neno analolitamka, nisiruke hata moja, na nikimaliza nimsomee. Kwa hiyo naandika.

Kitsao mwanangu, mimi ni mzima ila mkono. Baya alifika jana na barua yako, akanisomea hapa uani. Alipofika pale pa jivu aliikunja karatasi, nikamwambia endelea. Alipomaliza alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la baba yake, akakaa huko mpaka nikamwita aje ale.

Wewe ulipopiga magoti sikukujibu, kwa kuwa nilikuwa na hasira, na mtu akisamehe kwa hasira husamehe vibaya. Sasa nimekusamehe. Lakini usidhani ni kitu kidogo. Ulinyamaza na mimi nikaungua. Ungekuwa karibu ningekuchapa kwanza kwa mkono huu wa kushoto, halafu ndiyo nikusamehe.

Na Baya naye aandike lake. Kule kwa Menza nilimwambia mwanangu lile jivu ni la kanisa, nilimtumia habari kwa barua. Akasema barua haisemi hivyo. Mwambire akacheka. Menza akasema nyoosha mkono, nikaunyoosha. Nilikuwa natetemeka, basi Baya akanishika kifundo cha mkono nisitikisike. Ni yeye aliyenishika. Andika hilo, Baya.

Nimeandika.

Nilimwambia Mungu kama ninavyomwambia siku zote. Huu ni mkono wako, utazame. Nami nilijua hautaungua, nilijua kabisa, nilikuwa hata nimeshaanza kumshukuru. Uliungua. Uliungua kama nyama yoyote, na harufu yake niliisikia. Tangu siku ile namwuliza kwa nini. Nikifagia namwuliza, nikilala namwuliza. Hajaniambia. Sikumwacha, Kitsao. Nikimwacha nitamwuliza nani?

Sasa habari za hapa. Mwambire alikuja Jumanne na wanaume sita, wengine niliwashika mkono walipokuwa wakizaliwa. Hawakuketi. Amesema Jumamosi jua likiwa utosini wasinikute hapa, na kama watanikuta, basi nisimlaumu mtu. Mmoja wao alikuwa akipima urefu wa paa kwa macho. Mbuzi wangu wawili wameshaondoka nao. Baya alikwenda kwake leo asubuhi na barua yako akamsomea mbele ya wazee. Mwambire alisikiliza, akasema karatasi ni karatasi, na mkono wameuona wote. Kisha akalia, kwa sababu ya mwanawe. Nimemwonea huruma, na namwogopa.

Baya ana rafiki huko Muyeye, Malindi, aliye tayari kutupa chumba. Anataka tuondoke leo, amekwisha kufunga mzigo wangu, nami nimeufungua. Anasema mimi ni mkaidi. Kweli. Lakini Jumapili ni Matawi, na wewe hupo, na hakuna mwingine anayejua kusoma Mateso ya Bwana kwa sauti bila kukwama. Kuna watu ishirini na wanne ambao bado huja. Nimewahesabu mimi mwenyewe, sasa ni zamu yangu kuhesabu. Wakifika wakikuta kanisa limefungwa na mimi nimekimbia, watasema Mwambire alikuwa na haki, na mwenye mvi mwingine ataitwa kwa Menza mwezi ujao. Tutakwenda Muyeye Jumatatu. Nimemwahidi Baya hivyo.

Kwa hiyo rudi. Padre amekuvua kazi, sawa, hakukuvua macho. Njoo kama mtu wa kawaida usome. Kama Padre mwenyewe anaweza kuja, au kama kuna wanawake wa Legio ya Maria huko Malindi walio na miguu mizuri, njoo nao, wengi iwezekanavyo, na mfike Jumamosi kabla ya adhuhuri. Mje mkiimba, ili msikike toka mbali.

Kabibi hajataka kuniona. Ana haki, amepoteza mtoto. Ukimwona Batuli mwambie ampelekee salamu zangu, na asimwambie zaidi ya salamu.

Mimi Kavumbi,
kwa mkono wa Baya mwanangu

Nimemsomea yote, Mwalimu, na amekubali kwamba sikuruka. Nimemwomba ruhusa niongeze langu, akanipa. Nyapara nimemwachia kazi yake. Nimekaa hapa mlangoni kwa mama yangu na sitoki. Tangu jana sijamwomba msamaha, kila nikifungua kinywa ananituma maji. Nimemwuliza kama haogopi. Amesema nikuandikie kwamba anaogopa sana, na kwamba usichelewe.

Baya